Usianze na kitabu kinene: nilivyoingia kwenye saga, mashairi na mavazi ya kale ya Kaskazini

Kitabu cha kwanza nilikiazima maktaba ya Turku, majira yangu ya kwanza ya baridi nikiwa Ufini. Kalevala, utenzi wa taifa la Ufini, tafsiri ya Kiingereza, kinene kama tofali. Nikajiapiza kukimaliza kabla theluji haijayeyuka. Kilikaa kando ya kitanda wiki nne, nikakirudisha nikiwa sijavuka ukurasa wa thelathini. Nikahamia saga za Aisilandi, yale masimulizi yao ya kale, na kwa kiherehere changu nikachagua ile ndefu kuliko zote, ya Njáll. Huko nako nikazama kwenye majina: fulani mwana wa fulani, aliyemwoa binti fulani, ambaye babu yake alikuwa fulani. Nikaacha. Kiangazi kilipofika nikanunua mtandaoni vazi la "mwanamke wa Kiviking", wale mabaharia wa kale wa Kaskazini. Aibu ya vazi hilo nitaisimulia mbele.

Leo, miaka sita baadaye, Waswahili wenzangu wa huku huniuliza waanzie wapi. Jibu langu ni lile lile: anza na sikio, kisha vidole. Kitabu kitakuja chenyewe.

Sikio langu lilifunguliwa kazini. Nahudumia wazee, na kulikuwa na bibi mmoja ambaye kumbukumbu ilikuwa imemtoka kiasi kwamba jina langu alilisahau kila asubuhi. Siku moja namfunga vifungo vya sweta, akaanza kughani kwa sauti ya chini, bila kukwama: *Vaka vanha Väinämöinen*. Akaendelea mistari kumi na kitu ya Kalevala aliyoikariri shuleni. Maana sikuipata, ila mkono wangu ulikuwa tayari unahesabu kwenye kitufe: va-ka-van-ha-väi-nä-möi-nen. Mizani nane! Nimekulia Pangani nikisikia tenzi, na utenzi una vipande vya mizani nane. Mwezi mzima nilikuwa nimepigana na tafsiri iliyoua kitu pekee ambacho ningekitambua hata gizani.

Kwa hiyo ushauri wa kwanza: hata kama Kifini hujui, tafuta mtu akusomee mistari ishirini kwa Kifini, au sikiliza rekodi. Hesabu kwa vidole. Utagundua kwamba vina vyetu tumeviweka mwisho wa kipande, wao wameviweka vichwani mwa maneno: *vaka, vanha, Väinämöinen*, v tatu zinafuatana. Utagundua pia kwamba mstari wa pili mara nyingi unasema kile kile cha kwanza kwa maneno mengine. Mwanzo kabisa wa Kalevala uko hivyo: *Mieleni minun tekevi, aivoni ajattelevi*. Moyo wangu unatamani, ubongo wangu unawaza. Msomaji asiyejua huona ni kujirudia tu. Mwimbaji, naye, alikuwa anajipa nafasi ya kuukumbuka mstari unaofuata.

Halafu fahamu Kalevala ni kitu gani, usije ukasimulia watu mambo yasiyo sahihi kama nilivyofanya mimi. Si kitabu kilichookotwa kizima kutoka enzi za kale. Kuna daktari aliyeitwa Elias Lönnrot, aliyefanya kazi Kajaani, akawa anasafiri kwa miguu, kwa mtumbwi na kwa skii hadi vijiji vya Karelia, upande wa mashariki, kuandika mashairi kutoka vinywani mwa watu. Mwaka 1834 alimfikia mzee Arhippa Perttunen katika kijiji cha Latvajärvi. Mwaka uliofuata, 1835, akatoa toleo la kwanza, na 1849 toleo kubwa la nyimbo 50 zenye mistari 22,795. Kushona vipande kuwa kisa kimoja ni kazi ya Lönnrot mwenyewe. Ukitaka kusikia waimbaji walivyoimba kabla ya sindano yake kupita, Chama cha Fasihi cha Ufini kina hazina ya mashairi ya kale iliyochapishwa kwa majuzuu zaidi ya thelathini, na siku hizi ipo bure kwenye intaneti. Ni kwa Kifini, na lahaja zake zinavunja meno, lakini hata kutazama shairi moja kwa namna tano tofauti, vijiji vitano, kunafundisha.

Mimi nilishikamana na mwimbaji mmoja, nakushauri ufanye hivyo. Wangu ni Larin Paraske, mwanamke wa Ingria, eneo la upande wa St. Petersburg, aliyezaliwa 1833. Hakujua kusoma wala kuandika. Alikuwa maskini wa kutupwa, alivuta mashua za mizigo mtoni kwa kamba ili alishe watoto, na kichwani alibeba mashairi zaidi ya elfu moja. Mchungaji Adolf Neovius ndiye aliyekaa naye kuyaandika. Wachoraji Albert Edelfelt na Eero Järnefelt walimchora mwaka 1893, na mtunzi wa muziki Sibelius alikwenda kumsikiliza. Alikufa mwaka 1904, maskini vile vile. Nikimsoma Paraske, hasa nyimbo zake za huzuni za wanawake walioolewa mbali na kwao, sihitaji mtu wa kunifafanulia.

Ukitaka wimbo mmoja wa kuonjea ndani ya Kalevala, ruka mwanzo wa dunia na mayai yake, nenda wimbo wa tisa. Väinämöinen, mzee shujaa wa utenzi huo, amejikata goti kwa shoka akichonga mashua, damu inamwagika kama mto. Mganga anaweza kuizuia, lakini anayeponya jeraha la chuma lazima aseme chuma kilizaliwaje. Basi kinasimuliwa: wasichana watatu walikamua maziwa yao ardhini, meusi, meupe na mekundu, yakawa aina tatu za chuma. Mhunzi akamtuma nyuki alete asali ya kutia kwenye maji ya kupozea, nyigu akawahi kuleta sumu ya nyoka, na ndiyo maana chuma kinamgeuka ndugu yake. Baada ya kukiaibisha chuma kwa kukitajia asili yake, damu inaacha. Kwetu watu waliokaa karibu na waganga, hilo la kukitaja kitu asili yake ili ukitawale halihitaji tanbihi.

Na Kiswahili je? Kipo. Jan Knappert, Mholanzi aliyechunguza sana tenzi za pwani yetu, aliitafsiri Kalevala kwa Kiswahili, ikatoka mwaka 1992. Madukani usihangaike. Uliza maktaba kubwa, waliniletea kutoka ghalani na vumbi lake.

Saga ni jambo jingine kabisa, ni nathari. Ziliandikwa Aisilandi karne ya 13 na ya 14, kwenye ngozi za ndama, zikisimulia watu waliohamia kisiwani karne tatu na zaidi kabla. Tatizo la majina nililitatua kwa Kiswahili chetu cha pwani. Ukiona *-son* soma "bin", ukiona *-dóttir* soma "binti". Hallgerður Höskuldsdóttir ni Hallgerður binti Höskuldur, basi. Nilipoanza kuzisoma hivyo, orodha za nasaba ziligeuka kuwa kitu ninachokijua tangu barazani, wazee wanapotaka kujua wewe ni mtoto wa nani kabla hawajakusikiliza.

Usianze na Njáll. Anza na kisa kifupi cha Auðunn wa fiyodi za magharibi (ghuba nyembamba za Aisilandi), utakimaliza kikombe cha chai hakijapoa. Kijana hana kitu, anakwenda Grinlandi, anatoa mali yake yote kununua dubu mmoja, kwa nia ya kumpelekea zawadi mfalme Sveinn wa Denmaki. Njiani yuko mfalme Haraldr wa Norwei, adui wa Sveinn, naye anamtaka dubu huyo. Auðunn anakataa, mfalme anamwachia apite. Akiwa Denmaki, njaa inambana hadi anamuuzia mtumishi wa mfalme nusu ya dubu ili wote wawili wale. Nusu ya dubu aliye hai! Sitakumalizia.

Ukishazoea, ndiyo urudi kwa Njáll, na utakutana na tukio la Gunnar. Amezingirwa nyumbani kwake, anawazuia maadui kwa upinde, upote unakatwa. Anamwomba mkewe Hallgerður misongo miwili ya nywele zake ndefu asukie upote mwingine. Mke anauliza kama kuna kinachotegemea hilo. Uhai wangu, anajibu mume. Hapo mke anamkumbusha kofi alilompiga zamani, kwa ajili ya chakula kilichoibwa wakati wa njaa, na nywele hatoi. Gunnar anasema hataomba tena. Anakufa. Mwandishi hasemi neno kuhusu moyo wa yeyote kati yao: hasira, majuto, hakuna. Saga ndivyo zilivyo. Ukingoja kuambiwa mtu anajisikiaje utaziona kavu. Ukitazama nani kanyamaza na nani kacheka, utakesha.

Sasa vazi. Lile nililonunua lilikuwa la poliesta, limefungwa kamba kifuani, bizimu zake za plastiki, na kofia yenye pembe kama zawadi ya juu. Nikalivaa kwenye soko la kiangazi la mambo ya kale, jua linawaka, natokota ndani kama ndizi. Watu walitabasamu kwa adabu, tabasamu la Kifini ambalo ni baya kuliko kucheka. Mama mmoja wa makamo ya bibi aliyekuwa anasokota uzi chini ya hema ndiye aliyeniita, akanipa maji, akasema: "Pembe hizo ni za jukwaani." Kweli. Mbunifu Carl Emil Doepler alizibuni kwa maonyesho ya opera za mtunzi Wagner huko Bayreuth, Ujerumani, mwaka 1876. Kofia maarufu ya Waviking iliyofukuliwa Gjermundbu, Norwei, mwaka 1943, haina hata alama ya pembe.

Mama huyo akawa mwalimu wangu. Huku mkubwa anaitwa kwa jina lake la kwanza na ulimi wangu ulikataa, kwa hiyo namwita Mwalimu, ameshazoea. Somo lake la kwanza lilikuwa swali: vazi hili limetoka kaburi gani? Kila vazi la kale linaloshonwa upya kwa uaminifu lina kaburi lake. Vazi la Eura, kusini-magharibi mwa Ufini, linatokana na kaburi namba 56 la makaburi ya Luistari, alimozikwa mwanamke karne ya 11. Mwanaakiolojia Pirkko-Liisa Lehtosalo-Hilander ndiye aliyelichunguza, vazi likakamilika 1982, na mwaka huo huo mke wa rais, Tellervo Koivisto, akalivaa kwenye dhifa ya Siku ya Uhuru.

Utauliza nguo ilidumuje ardhini karibu miaka elfu. Haikudumu, sehemu kubwa ilioza. Kilichobaki ni vipande vilivyogusana na bronzi, kwa kuwa chumvi za shaba huua vijidudu vinavyokula kitambaa. Wanawake hao walipamba pindo za aproni kwa visuli vidogo, waya wa bronzi uliozungushwa kama springi, na kila penye visuli sufu ikasalimika. Kwa hiyo mtu akikuonyesha vazi la kale, muulize kipi kilionekana na kipi kimekisiwa. Mshonaji mkweli atakuambia bila kununa. Anayejua yote, muage.

Mambo mengine kwa haraka. Usichanganye vazi la kale na vazi la taifa. Yale mazuri yenye mistari unayoyaona kwenye sherehe za Ufini yana asili ya karne ya 18 na 19. Usichanganye nchi: Birka, mji wa kale wa Uswidi, walivaa bizimu za umbo la yai, Wafini walikuwa na zao za mviringo. Wala usichanganye zama. Msichana wa Egtved wa Denmaki na sketi yake ya nyuzi alizikwa mwaka 1370 kabla ya Kristo, Waviking hawajawaziwa. Na kabla hujaning'iniza kidani chenye alama za kale, uliza wenyeji. Baadhi ya alama hizo wabaguzi wa rangi wamezifanya zao, na mtu mweusi ni vizuri ajue amevaa nini anapopanda basi.

Usinunue vazi zima. Linauma mfuko. Fuma mkanda. Kata pakiti za maziwa upate vibao kumi na viwili vya mraba, vya sentimita sita hivi, toboa tundu kila pembe. Kila tundu uzi wake, nyuzi 48 za mtande, yaani za urefu. Funga ncha moja kwenye kitasa cha mlango, nyingine kiunoni. Zungusha vibao vyote robo mzunguko, pitisha katikati yake uzi wa mshindio, ule wa kukatisha, kaza, zungusha tena. Nunua sufu tupu, maana nyuzi za bandia huteleza. Mkanda wangu wa kwanza ulinichukua jioni kumi na moja, mwekundu na buluu, urefu wa kunitosha kiunoni na kipande cha kuning'inia.

Nikampelekea Mwalimu. Aliupitisha mkononi polepole, macho dirishani, hadi kidole kikasimama katikati, mahali ambapo kibao kimoja kiligeuka kinyume na wenzake na mstari mwekundu ukaruka. Akasema, "Hapa ulipigiwa simu." Nikaangalia. Ilikuwa Jumapili ile, na aliyepiga alikuwa mama, kutoka Pangani.