Utulivu au uthabiti wa mtiririko?

SWALI: Naandika ikisiri ya tasnifu yangu ya hisabati kwa Kiswahili. Kichwa nilichotunga ni "Utulivu wa mtiririko wa tabaka la mpaka wenye unyonyaji na udungaji wa ukuta". Msimamizi wangu anasema kinasomeka vibaya. Nirekebishe wapi?

JIBU: Ndugu msomaji, tuanze na neno la kwanza, maana ndilo linalobeba kazi yako nzima. Utulivu ni hali. Uzi wa rangi ulionyooka ndani ya maji ya bomba la kioo la mwanasayansi Osborne Reynolds mwaka 1883 ulionyesha utulivu. Ulipovurugika, huo ulikuwa msukosuko. Uthabiti ni jambo jingine: ni jinsi mtiririko unavyoipokea bughudha. Kiwimbi kidogo kikizuka kisha kikafifia, mtiririko ni thabiti. Kikizidi kukua, si thabiti, hata kama kwa sasa bado ni tulivu. Ukiyafanya maneno haya kuwa kitu kimoja, hutaweza kuandika "mtiririko tulivu usio thabiti", na hicho hasa ndicho unachokichunguza.

Unyonyaji una ubaya wake: msomaji atawaza mtoto na titi, au mabepari na wafanyakazi. Nyuki hufyonza mbochi, sponji hufyonza maji. Basi andika ufyonzaji. Chunga herufi, kwani kufyonya ni kutoa sauti ya dharau.

Kudunga nako kunataka ncha kali. Ukuta wako hauna sindano, una vitundu vidogo mno ambamo giligili, yaani kitu kinachotiririka kama maji au hewa, hupita kuingia kwenye mtiririko. Kiswahili kina kitenzi chake hapo: kupenyeza. Wengine hutumia upulizaji, nami siukatai hewa inapohusika, ila kwa maji unanikwaza.

Kosa lililojificha zaidi ni "wa ukuta". Tazama ufugaji wa kuku, upandaji wa miti: kinachofuata "wa" ndicho kinachotendwa. Kwa hiyo "udungaji wa ukuta" ni kuutoboa ukuta wenyewe! Sema ukutani, au kupitia ukuta.

Tabaka la mpaka limeshazoeleka, lakini liweke karibu na ukutani uone: "tabaka la mpaka ukutani". Jicho linasoma "hadi ukutani". Mwanasayansi Mjerumani Ludwig Prandtl alipolieleza tabaka hili mwaka 1904, alizungumzia utando mwembamba unaogusa kitu kigumu, ambamo mnato huipunguza kasi hadi sifuri. Ni tabaka la mahali, kwa hiyo mpakani inalifaa zaidi na utata unaondoka.

Halafu "wenye". Uthabiti na mtiririko vyote huchukua upatanisho uleule, hivyo msomaji hajui kipi kina ufyonzaji. Tumia kitenzi. Mimi ningeandika:

"Uthabiti wa mtiririko katika tabaka la mpakani giligili inapofyonzwa au kupenyezwa kupitia ukuta".

Jaribu sasa kuyatumia maneno haya kwenye ikisiri yenyewe. Ufyonzaji huondoa giligili iliyozembea karibu na ukuta, tabaka likawa jembamba na thabiti zaidi. Upenyezaji hulinenepesha, na mchoro wa kasi, unaoonyesha jinsi kasi inavyobadilika kadiri unavyotoka ukutani, ukapata mahali unapogeuza upande wa kupinda; hapo viwimbi hupata nafasi ya kukua. Tofauti si ndogo. Juu ya bamba bapa lisilofyonza, namba ya Reynolds (kipimo kinacholinganisha nguvu ya mwendo wa giligili na mnato wake) ambapo uthabiti huanza kupotea ni kama 520, ikihesabiwa kwa unene wa mhamo, yaani umbali ambao tabaka huusukuma mtiririko wa nje mbali na ukuta. Tabaka likifyonzwa sawasawa hadi unene wake usibadilike tena, namba hiyo, kwa kipimo kilekile, hufika takriban 54,000. Katika sentensi hizo zote, ukiweka utulivu mahali pa uthabiti, namba zitabaki sahihi lakini maelezo yatakuwa ya uongo.