Acha Proseja Iseme Imeshindwa

Juzi kijana mmoja anayetengeneza mfumo wa ada za shule aliniandikia: "Kaka, nimeweka try na catch kila mahali. Mfumo unasema malipo yamepokelewa, nikienda kwenye hifadhidata hakuna kitu. Catch haidaki chochote. Shida iko wapi?"

Nikamwambia anitumie proseja yenyewe, yaani zile amri zilizohifadhiwa ndani ya hifadhidata ya MySQL na kuitwa kwa jina. Msimbo wa PHP, wenye hizo try na catch za kudaka makosa, auache kwanza. Sikusoma mbali. Karibu na juu kabisa kulikuwa na mstari huu:

DECLARE CONTINUE HANDLER FOR SQLEXCEPTION BEGIN END;

Mstari huo naujua, na sitausamehe. Unaiambia MySQL kwamba kosa lolote likitokea isifanye lolote, iendelee na mstari unaofuata. INSERT, amri ya kuingiza data, inakataliwa, proseja inasonga mbele, inafika kwenye COMMIT, amri ya kuthibitisha mabadiliko, inarudisha neno SAWA. PHP itadaka nini wakati hakuna kilichorushwa?

Miaka ya nyuma nilipewa kazi ya kutengeneza upande wa tovuti wa mfumo wa SACCOS moja. Proseja zilikuwa zimeandikwa na mtu mwingine kabla yangu, na niliambiwa wazi nisiziguse kwa sababu "hizo zinafanya kazi". Nikatii. Siku moja akaja mama mmoja mwenye duka, risiti zake mkononi: analipa kila mwezi, lakini deni halipungui hata shilingi. Kwenye kikao cha kamati ya mikopo mhasibu akaninyooshea kidole mbele ya wote: "Tangu huyu aweke kurasa zake, hela za wanachama hazionekani." Mjumbe mmoja akauliza kama nina ndugu anayenisaidia kuzitoa. Neno hilo halijanitoka moyoni mpaka leo.

Usiku ule nilikaa na nakala ya hifadhidata nikaita proseja kwa mkono, kwa namba ya mkopo ya yule mama. SAWA. Nikautoa ule mstari, nikaita tena. Papo hapo ikaja namba ya kosa 1452, yaani ufunguo wa nje umekataa: rejesho linataja mkopo ambao haupo. Mkopo wake ulikuwa umeunganishwa na mkopo mpya, marejesho ya zamani yakahamishiwa namba mpya, namba ya zamani ikafutwa. Ila kitabu chake cha mwanachama kilibaki na namba ya zamani, na dirishani waliendelea kuandika hiyo hiyo. Kila mwezi risiti iliingia, rejesho likakataliwa, COMMIT ikapita. Hifadhidata ilikuwa inalia kila mwezi, na kuna mtu alikuwa ameiziba mdomo.

Niliichapisha 1452 pamoja na ule mstari kwenye karatasi moja nikaipeleka kikaoni. Salio la mama likarekebishwa. Hakuna aliyeniomba radhi.

Ndiyo maana, mdogo wangu, nakujibu hadharani. Kwenye proseja inayogusa pesa weka hivi:

DECLARE EXIT HANDLER FOR SQLEXCEPTION
BEGIN
  ROLLBACK;
  RESIGNAL;
END;

ROLLBACK inarudisha kila kitu nyuma, RESIGNAL inalipandisha kosa lile lile juu, na namba yake, hadi kwenye msimbo wako. Ukiiacha RESIGNAL umerudi kule kule kwenye kumeza.

Upande wa PHP, hakikisha PDO, daraja la PHP kwenda kwenye hifadhidata, inarusha makosa. Kabla ya PHP 8.0, iliyotoka 2020, PDO ilikuwa inanyamaza usipoiagiza vingine, na seva za matoleo ya zamani bado zipo nyingi. Andika ERRMODE_EXCEPTION, mpangilio wa kurusha makosa, mwenyewe, usitegemee bahati. Na kama proseja yako inarudisha matokeo ya SELECT kwanza halafu inaharibikia mbele, kosa hutaliona mpaka uite nextRowset(), inayosogea kwenye matokeo yanayofuata. Isome mpaka mwisho.

Ukishalidaka, soma errorInfo, yaani maelezo kamili ya kosa, usiishie kwenye getCode(). Hiyo getCode() itakupa 23000 kwa risiti iliyojirudia na itakupa 23000 hiyo hiyo kwa mkopo usiokuwepo. Namba inayotofautisha iko errorInfo[1]: 1062 ni kitu kimejirudia, 1452 ni mzazi hayupo. 1213 ni transaksheni mbili (mafungu ya kazi yanayoingia yote au yasiingie kabisa) zimekabana, kila moja inangoja kufuli la mwenzake. MySQL imeshaivunja moja nzima, kwa hiyo irudie yote tangu mwanzo. 1205 ndiyo ya hatari: umengoja kufuli mpaka muda ukaisha, kwa kawaida sekunde 50, na MySQL imefuta ile kauli moja tu. Usipofanya ROLLBACK, kazi nusu itaingia.

Makosa ya biashara, kama mkopo uliofungwa au salio lisilotosha, yarushe mwenyewe kwa SIGNAL SQLSTATE '45000' na MESSAGE_TEXT fupi kama MKOPO_UMEFUNGWA. Yatakufikia kama 1644, nawe uyageuze kuwa Kiswahili ambacho karani wa dirishani atakielewa. Usimwonyeshe ujumbe wa MySQL wenye majina ya majedwali yako. Mpe namba ya kumbukumbu, na kwenye logi, daftari la matukio ya mfumo, andika jina la proseja, vigezo vilivyopelekwa na errorInfo yote. PIN na nywila visiingie humo kamwe.

Najua kwa nini watu wanaandika ule mstari. Mteja anataka skrini isiyo na maandishi mekundu, bosi anataka mfumo ukabidhiwe Ijumaa. Lakini mficha maradhi kifo humuumbua, na hapa anayeumbuka ni mama aliyelipa na fundi aliyekuja baadaye. Sisi tunaoandika mifumo ya pesa za watu wasiojua kusoma msimbo tuna deni kwao. Wao wanaliamini lile neno "yamepokelewa" kwa sababu limetoka kwetu.

Kabla hujakabidhi, ita kila proseja kwa data mbovu makusudi: namba ya mkopo isiyokuwepo, risiti ile ile mara mbili, kiasi chini ya sifuri. Fungua madirisha mawili ya MySQL. Kwenye la kwanza anza transaksheni na ushikilie safu ya mkopo, kwenye la pili ita proseja, halafu ngoja muda wa kufuli uishe. Proseja ikirudisha SAWA au ukurasa wako ukisema "Malipo yamepokelewa" popote hapo, usikabidhi, hata kama Ijumaa imefika.