Mvinyo wa Chini ya Elfu Moja: Funikeni Chupa Kwanza

Mhariri, wiki hii mmeuliza kama chupa ya mvinyo ya chini ya shilingi 1,000 inaweza kuwekwa mbele ya wageni bila aibu. Swali limenikera, na nitasema kwa nini. Hapa Nairobi chupa tunaionea aibu kabla hata hatujaifungua. Mgeni akiketi anatazama lebo, kisha kifuniko. Akiona ni cha kuzungusha, si kizibo cha gome, ameshahukumu, ingawa kifuniko hicho hakina ubaya wowote kwa mvinyo unaonunuliwa leo unywewe leo. Bia za viwanda vidogo, hizi wanazoziita krafti, mambo ni kinyume chake: lebo ikiwa na michoro ya kupendeza, bia inasifiwa kabla haijamiminwa. Kwa hiyo nitajibu swali lililo nyuma ya lenu: tunajuaje kilicho kizuri? Msimamo wangu ni kwamba hatujui mpaka tuonje bila kuona chupa, kila mtu na kalamu yake, maksi ziandikwe, zijumlishwe, na jumla iheshimiwe.

Baa zilipofungwa mwaka 2020 kwa sababu ya korona, wengi wetu tulizoea kunywea nyumbani, lakini tulihama na mazoea ya baa. Mhudumu wa Nairobi huuliza "baridi au moto?", yaani ya friji au isiyo ya friji, na hakuna jibu la tatu. Bia nyeusi iliyotolewa kwenye friji sasa hivi haina harufu wala ladha, ni baridi tu. Iache mezani robo saa ndipo uinuse. Mvinyo mwekundu nao, kwenye nyumba ya ghorofa ya juu kabisa mwezi wa Februari, hupata joto hadi ukanuka pombe tupu. Huo ndio unaohitaji friji kidogo. Watu wanalaumu bei ilhali tatizo ni joto.

Sasa niwaeleze chama chetu cha kuchangiana pesa kwa zamu. Zamu ilikuwa kwangu, Lang'ata, na baada ya michango kuhesabiwa niliwaomba wenzangu wabaki tuonje. Shemeji yangu alifunga chupa zote kwa kurasa za gazeti, akazikaza shingoni kwa selotepu na kuziandika herufi kwa kalamu ya wino mzito. Alimimina jikoni, kwa sababu hata ikifungwa, umbo la chupa linaweza kusema siri. Yeye mwenyewe hakuonja, maana alijua kila kitu. Glasi nilizisuuza kwa maji matupu mara kadhaa. Sabuni au mafuta yakibaki, povu la bia hufa mara moja, na bia nzuri ikaonekana imechacha. Pembeni kulikuwa na bakuli la kutemea, ambalo mwanzoni lilionekana kama utovu wa adabu, halafu kila mtu akalitumia.

Nilikuwa nimechapisha fomu ya waamuzi wa bia wa Marekani, ile ya BJCP, ambayo hugawa alama 50: harufu 12, mwonekano 3, ladha 20, jinsi bia inavyokaa mdomoni 5, na hukumu ya jumla 10. Mweka hazina wetu, mwalimu wa hisabati, aliipenda sana. Wengine walisema ni kama KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, tukakubaliana kila mmoja atoe alama juu ya 10. Lakini tazameni mgao ule: mwonekano alama tatu tu, harufu kumi na mbili. Sisi tunaonunua kwa macho tuna la kujifunza hapo.

Tulianza na lager ya kawaida, tukapanda hadi bia yenye hopsi nyingi, yale maua yanayoipa bia uchungu na harufu, tukamaliza na nyeusi, kwa sababu chungu ikitangulia, nyepesi haina nafasi tena. Bia nyeusi ilikuja na povu la rangi ya udongo, zito, lililobaki likishika ukuta wa glasi. Mwenyekiti alinusa, akairudisha mezani.

"Wee, hii imeungua!"

"Mwenyekiti, tafadhali, usitoe hukumu kwa sauti," mweka hazina akamkanya. "Utawaambukiza wengine."

Katibu, aliyelelewa kwenye shamba la kahawa Nyeri, alikuwa ameinamia glasi yake macho yamefumba. Alisema kimea kilichokaangwa kinanukia kama kahawa ikitoka kwenye kikaango nyumbani kwao, na chini yake kuna utamu wa sukari guru. Akaomba nyingine.

Maksi zilipokusanywa, nyeusi ilikuwa na 9, 9, 6, 3 na 2. Jumla 29. Lager ilikuwa na 6, 6, 7, 6 na 6. Jumla 31. Mweka hazina akatangaza lager imeshinda, na katibu akauliza kwa sauti ya chini: imeshindaje bia ambayo hakuna mtu hata mmoja aliyeomba aongezewe?

Swali hilo limekaa nami. Mwaka 1976 kule Paris waamuzi Wafaransa walionja bila kuona lebo, wakatoa alama juu ya 20, na mvinyo mwekundu wa California ukatangazwa mshindi mbele ya zile za Bordeaux kwa tofauti isiyofika hata nusu alama kwa wastani. Tangu zamani nimelitaja shindano lile kuthibitisha kwamba lebo ikifunikwa haki hutendeka. Na ilitendeka. Lakini wastani humpendelea asiyemuudhi mtu. Ndivyo ninavyoona sasa hivi nikiandika.

Upande wa mvinyo tulikuwa na Leleshwa, ya zabibu za Naivasha, na kadhaa za Afrika Kusini, moja ikiwa ya boksi. Mwekundu mtamu wa bei ya chini uliwapita wote, tena kwa mbali. Kisha mbuzi akafika kutoka Kenyatta Market, na kachumbari yake. Tulipoonja tena na nyama ya mafuta mdomoni, ule mtamu ukawa sharubati, na ule mkavu uliokuwa umedharauliwa, wenye ukali unaokausha ulimi, ukaanza kuisafisha nyama. Mwenyekiti alikata alama zake na kuandika upya. Mweka hazina alikataa kuzipokea, eti daftari limefungwa!

Basi, jibu langu. Ndiyo, weka mezani mvinyo wa chini ya elfu moja, bila aibu, mradi ujue wageni watakula nini. Anayekunywa glasi moja jioni anunue wa boksi, maana mfuko wa ndani hujikunja hewa isiingie na mvinyo hukaa wiki kadhaa, wakati chupa iliyofunguliwa huharibika baada ya siku chache. Pombe rahisi ninayoizungumzia ni ya dukani, yenye stempu ya KRA, mamlaka ya kodi, iliyokaguliwa kwa programu ya Soma Label. Pombe ya bei ya kutupa isiyo na stempu si suala la ladha, ni suala la uhai.

Kwa bia nitalipa zaidi. Viwanda vyetu vidogo, kama kile kiitwacho 254, Bateleur na wenzao, vinapika vitu ambavyo nusu ya meza itavichukia, na nusu hiyo inayochukia isinizuie. Ila nunueni ya hopsi ikiwa mbichi, iliyowekwa kwenye ubaridi, la sivyo mnalipia harufu iliyokwisha kutoroka. Maksi ziandikwe, naam, tena kabla ya kusikia mwenzako anasema nini. Zisijumlishwe. Kila mtu abaki na karatasi yake.

Mweka hazina hajakubaliana nami hadi leo. Mwezi ujao zamu ni ya katibu, na ameshaongeza safu moja kwenye fomu: chakula kilichokuwa mezani.

Msomaji wenu, Lang'ata