Fimbo ya Zamani ya Gofu: Anza na Shingo

Ukitaka kununua fimbo ya mbao ya zamani, muuzaji atakimbilia kukuonyesha jina lililogongwa juu ya kichwa. Liache kwanza. Tazama shingo, pale mpini unapokutana na kichwa. Jina hugongwa kwa dakika moja, ila kazi ya shingo ni ngumu kughushi.

Mafundi wa kale wa Uskoti walichonga mshazari ncha ya mpini na shingo ya kichwa, wakavilaza pamoja kwa gundi, kisha wakavizungushia uzi uliopakwa lami. Kuanzia miaka ya 1890 ulienea mtindo wa kutoboa tundu shingoni na kuchomeka mpini ndani. Usikate shauri hapo, kwa sababu wapo mafundi walioendelea na mshazari hata baada ya 1900. Linganisha na kichwa. Kikiwa kirefu, chembamba, uso wa kupigia hauna kimo, madini ya risasi yamemiminwa mgongoni na kipande cha pembe ya kondoo kimepachikwa kwenye ukingo wa chini, basi huenda umeshika fimbo iliyotengenezwa kabla ya 1890. Mimi hapo huomba kiti, nikaitazama polepole. Vichwa vifupi, vinene, vya mti wa persimoni kutoka Marekani, ni vya baadaye.

Sasa rudi kwenye jina. La Hugh Philp, fundi wa fimbo wa St Andrews, Uskoti, aliyefariki 1856, limeghushiwa sana; ukiliona kwa bei nafuu, shuku. Chapa za Robert Forgan, mpwa wake, zinasaidia zaidi: nembo ya manyoya ya Mwanamfalme wa Wales ilitumika hadi 1901, mwanamfalme huyo alipokuwa Mfalme Edward VII, ndipo ikaja ya taji.

Beba sumaku ndogo. Klabu ya R&A ya St Andrews, iliyosimamia kanuni za gofu, iliruhusu mipini ya chuma mwaka 1929, na kwa kuwa wachezaji walikuwa wamezoea sura ya mti wa hikori, viwanda viliivisha mingi ganda la rangi ya mbao. Jicho hudanganyika, sumaku haidanganyiki.

Kuhusu bei, uzee peke yake hauna thamani. Fimbo za hikori za miaka ya 1920 zilitengenezwa kwa wingi mno, na nyingi bado zipo. Lipia ufundi na uzima wa mbao, uachane na iliyobunguliwa na wadudu.

Ukishafika nayo nyumbani, weka msasa mbali. Msasa hula chapa na rangi ya miaka mingi, na fimbo zilizong'arishwa upya nazihurumia mno. Futa vumbi, kisha paka mpini mafuta ya kitani kidogo sana kwa kitambaa, ufute yanayobaki. Usiiegemeze ukutani, mpini utapinda, ilaze. Kitambaa chenye mafuta hayo kitandaze nje kikauke, usikikunje wala kukitupa kwenye pipa, maana huweza kuwaka chenyewe.