Mvua ya kwenye bati inasikika kama TV isiyo na chaneli, nifanyeje?

SWALI: Kaka habari za kazi. Natengeneza gemu ya simu, kuna sehemu mtoto yuko ndani ya nyumba ya bati na mvua inanyesha. Mwanzo niliweka faili la mvua la sekunde 20 linajirudia, watu wakawa wanastukia pale linapoanza upya. Sasa nimehamia Pure Data (programu ya kutengeneza sauti kwa kuunganisha visanduku kwa waya), nimechukua noise~ (kisanduku cha kelele) nikaipitisha kwenye lop~ (filta inayopunguza masafa ya juu), ila inatoka kama TV isiyo na chaneli, nikivuta slaida ya sauti inatoa tik tik, na kwenye simu inakatikakatika. Nakosea wapi?

JIBU: Nzuri mdogo wangu. Naanza na hilo la TV maana ndo kubwa na ndo lenye utamu.

noise~ inamwaga masafa yote, sauti nene hadi nyembamba, kwa pamoja bila kupumzika, na mvua haiko hivyo hata kidogo. Kaa chini ya bati mvua inapoanza utasikia ta... ta ta... tatata, halafu ndo inakuja kuwa mshindo mmoja, na hata ikikolea sikio bado linajua kuwa ni matone. Sasa wewe ulipoweka lop~ umepunguza ukali tu, matone bado hujayatengeneza. Tenganisha mambo mawili: kuna kinachogonga na kuna kinachogongwa. Tone kazi yake ni kugonga tu, kinacholia ni bati.

Matone unayapata hukohuko kwenye noise~. Inatoa namba za kati ya -1 na 1. Chukua waya wake uingize kwenye matundu yote mawili ya *~, yaani namba inazidishwa kwa yenyewe, halafu jibu lake liingie *~ nyingine vilevile, na nyingine tena. 0.5 inakuwa 0.25, inakuwa 0.06, inapotelea mbali, wakati namba iliyo jirani kabisa na 1 inabaki. Ukirudia mara 5, vilele vinavyobaki juu ya nusu ni karibu 950 kwa sekunde, hiyo ni mvua nzito. Ukirudia mara 10 vinabaki kama 30 kwa sekunde, hayo ni manyunyu. Mi huwa naweka mikondo mitatu, ya mara 5, mara 8 na mara 10, kila mmoja na noise~ yake (usiwagawie moja, vilele vyao vitaangukia wakati mmoja), halafu mvua inapoongezeka kwenye gemu naongeza mkondo mmoja na kupunguza mwingine. Kwa kuwa vilele vyote vimekuwa upande wa chanya, pitisha kwenye hip~ 100 (filta inayopunguza masafa yaliyo chini ya Hz 100) kwanza. Na kwa sababu hakuna faili, hakuna pa kujirudia.

Sasa bati. Weka bp~ (filta inayopitisha masafa ya jirani na namba uliyoipa tu) tano sambamba, zote zinapokea matone yaleyale, zikiwa kwenye 410, 655, 1130, 1870 na 2900 Hz. Hizo namba ni za kuanzia tu, cheza nazo, ila zisiwe zinagawanyika vizuri kama 400, 800, 1200 maana hapo utapata kitu kinacholia noti kama waya wa gitaa, na bati haliimbi noti. Namba ya pili ya bp~ ni Q, yaani filta imebana kiasi gani, na ndo inayoamua mlio unakaa muda gani: zidisha Q kwa 2.2 ugawe kwa masafa, unapata sekunde mpaka mlio ufifie kabisa. Kwa 1130 Hz na Q ya 20 ni kama milisekunde 39, hilo ni bati lililopigiliwa vizuri kwenye mbao. Panda hadi 80 unapata milisekunde 156, hapo unasikia bati lililolegea misumari, na mi napenda sana kuiweka filta moja hivyo kwa nyumba ya zamani. Matone ni mafupi mno kwa hiyo sauti itatoka ndogo, utalazimika kuikuza, lakini tafadhali weka clip~ -1 1 (inazuia sauti isivuke hapo) kabla ya dac~ (inayopeleka sauti kwenye spika) na usivae hedifoni mpaka uwe na uhakika, masikio hayana spea.

Kama kuna ndoo inayokinga maji chini ya mchirizi, hiyo ni fizikia nyingine. Mlio wa tone kwenye maji unatoka hasa kwenye kiputo cha hewa kinachonaswa, na mwanasayansi Minnaert alikokotoa masafa ya kiputo kama hicho mwaka 1933: chenye nusu kipenyo cha mm 1 kinalia karibu 3260 Hz, cha mm 2 karibu 1630. Kwa hiyo hapo ni osc~ (kisanduku cha mlio mmoja safi) inayopanda kidogo na kuzimika haraka, sio kelele.

Ile tik tik ya slaida ni kwamba slaida inatuma namba mojamoja, sauti inaruka toka 0.2 kwenda 0.5 ghafla, na mruko ule ndo unaousikia. Weka boksi la ujumbe lililoandikwa $1 50, likaingia line~, ndipo liende kwenye tundu la kulia la *~ inayoongoza ukubwa wa sauti, itateleza kwa milisekunde 50. Angalia hiyo *~ usiiandikie namba, ukiandika *~ 0.5 tundu la kulia halipokei tena sauti na wengi wanapotelea hapo masaa.

Kwenye simu, Pure Data inakokotoa sampuli (namba mojamoja za sauti) 64 kwa mkupuo, ambayo kwa 44100 ni milisekunde 1.45, ikichelewa hapo unasikia kukatika. Hata pachi (mchoro mzima wa visanduku) yenye bp~ 15 ni nyepesi, kwa hiyo mi nashuku bafa (akiba ya sauti inayosubiri kuchezwa). Kwenye libpd (Pure Data inayowekwa ndani ya gemu) ongeza mikupuo hadi 16, ucheleweshaji wa milisekunde 23 kwenye mvua hakuna atakayeujua. Halafu iulize simu yenyewe inatumia kasi gani, Android nyingi ni 48000, ukiilazimisha 44100 inabidi ibadilishe kila sampuli njiani. Na mtoto akitoka nje ya ile nyumba, zima pachi ndogo ya bati kwa switch~ isiendelee kula betri.