Metadata ina kazi gani hasa katika utafutaji wa intaneti?

Ndugu yangu, umesema tovuti ya nyumba yako ya wageni ya Bagamoyo haionekani Google ingawa umeijaza orodha ndefu ya maneno muhimu. Kazi yangu ni kutunza tovuti za wafanyabiashara wadogo, na malalamiko ya namna hii hunifikia mara kwa mara.

Metadata ni taarifa zinazoueleza ukurasa wenyewe: kichwa chake, muhtasari, lugha, tarehe na kadhalika. Katika miaka ya 1990, injini za utafutaji kama AltaVista ziliyapa uzito maneno muhimu ambayo mwenye tovuti aliyaandika ndani ya msimbo, yaani maandishi ya kompyuta yanayoujenga ukurasa, na kwa kuwa msomaji hakuyaona, muuza viatu aliweza kupachika humo majina ya wanamuziki maarufu ili avute watu. Septemba 2009 Google ilitamka wazi kwamba haiyatumii kabisa katika kupanga matokeo. Orodha yako, basi, ni jasho la bure.

Tatizo lako liko kwingine. Nimefungua msimbo wa anwani uliyotuwekea na kukuta agizo la noindex, ambalo huiambia injini isiuweke ukurasa kwenye faharasa yake, yaani orodha ya kurasa inayotolea matokeo. Mafundi huliweka wakati tovuti ikijengwa, kisha hukabidhi kazi bila kuliondoa. Nimeshaliona kwa wateja kadhaa. Kama unatumia WordPress, programu ya kujengea tovuti, ingia kwenye mipangilio ya usomaji uondoe alama ya tiki inayozizuia injini za utafutaji.

Ukishamaliza hilo, shughulikia vichwa. Kurasa zako zote zinaitwa "Nyumbani", ilhali kichwa ndicho ambacho kwa kawaida mtafutaji hukiona na kukibofya. Ukurasa wa vyumba uite "Vyumba na bei: nyumba ya wageni karibu na magofu ya Kaole, Bagamoyo", na kila ukurasa uwe na chake. Muhtasari haukupandishi nafasi, ila humvuta mtu abofye, japo mara nyingi Google huuacha na kuchukua sentensi za ndani ya ukurasa.

Mwisho, omba ukurasa ukaguliwe upya kupitia Search Console, zana ya Google kwa wenye tovuti, halafu uvute subira, kwani huchukua siku kadhaa na pengine wiki.