Kwa mnaoanza kazi kwenye miradi ya kugeuza kiwanda kuwa chuo

Wadogo zangu, kama umepangiwa mradi wa kugeuza kiwanda cha zamani kuwa chuo, usikimbilie kuchora madarasa, nenda kwanza ukajue kile kiwanda kilikuwa kinafanyaje kazi, mzigo uliingilia wapi, moto ulikuwa wapi, mafuta machafu yalimwagwa wapi.

Angalia Belval, kule Esch-sur-Alzette kusini mwa Luxembourg. Eneo lina hekta kama 120, walikuwa wanayeyusha chuma, tanuru la mwisho likazimwa 1997 na chuo kikuu kikahamia 2015. Tanuru moja waliliuza China, wakalifungua vipande likasafirishwa, mawili yamebaki yamesimama palepale katikati ya kampasi. Ila mi kinachonigusa zaidi ni maktaba yao, ilifunguliwa 2018 ndani ya Möllerei, jengo ambalo mawe ya chuma yalikuwa yanapangwa na kuchanganywa kabla hayajapandishwa kwenye tanuru, na ukishajua hiyo kazi ndo unaelewa kwa nini jengo ni refu vile na kwa nini limejibana ubavuni mwa matanuru.

Mradi wangu wa kwanza niliamini michoro ya zamani. Nikachora ngazi vizuri tu, mafundi walivyovunja sakafu wakakuta msingi wa mashine, zege tupu, haupo kwenye mchoro wowote, kazi ikasimama wiki kadhaa na iliniuma sana maana ningepima na kuchimba mashimo ya majaribio mapema tungeuona. Pima mwenyewe. Na udongo upelekwe maabara kabla bajeti haijapitishwa, sio baada, kuondoa udongo wenye sumu kunaweza kula hela kuliko paa jipya. Mabomba yaliyofungwa kitu kama pamba au plasta nyeupe usiyaguse, inaweza kuwa asbesto, nyuzi za madini ambazo vumbi lake linadhuru mapafu, subiri wataalamu wapime.

Halafu lile holi kubwa linalowapendeza wote lina mwangwi na baridi, mwalimu hasikiki, afadhali ujenge vyumba ndani yake kama nyumba ndani ya nyumba na kuta za zamani uziache zionekane.

Na kama yupo mzee aliyefanya kazi pale mtafute wiki ya kwanza kabisa. Wa kwetu alikuja na mjukuu wake, akatembea taratibu mpaka kwenye kona moja akagonga chini na fimbo, akasema hapa kuna mfereji ulifukiwa, na kweli ulikuwepo, chini ya pale tulipokuwa tumepanga lifti.